Driver ya graphics iliyonitoa jasho nyuma ya pazia la wakwe zangu, Kebirigo

Wakuu, salamu kutoka Nyanchwa, hapa Kisii mjini, kwenye ule mteremko ambao ukisahau kitu dukani unaamua tu kuishi bila hicho kitu.

Humu nimekuwa msomaji miaka mingi, leo naandika. Nitakayosema yote yalitokea. Mke wangu naye yuko humu kwa jina ambalo hajaniambia, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Ni kisa cha kompyuta iliyokataa kuonyesha picha baada ya ku-upgrade OS, yaani mfumo endeshi wake. Najua kuna mtu tayari amenyoosha vidole aandike "format tu". Tulia mkuu, soma kwanza.

Mimi ni mtu wa Homa Bay, nimeoa Kisii. Nafanya kazi ya IT kwenye ofisi moja hapa mjini, sitaitaja maana bado wananilisha. Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kuzima na kuwasha vitu vya watu.

Lakini kwa wakwe zangu, Kebirigo kule Nyamira, siku ya kwanza nilitambulishwa kama "engineer", na kwa ujinga wa bwana harusi sikusahihisha. Huu mwaka wa nane nakula kuku kwa jina hilo.

Baba mkwe wangu tunamwita Mwalimu. Alistaafu akiwa hedimasta, na sasa ni mzee wa kanisa la Wasabato. Ana daftari ambalo kila kitu kinaingia humo. Mvua ilianza saa ngapi, majani ya chai yalichumwa lini, nani alimwamkia njiani na nani alijifanya anaongea na simu.

Mama mkwe ni Mama tu. Hana maneno mengi. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili na yuko kwenye foleni ya upasuaji, foleni ambayo haionekani kusogea.

Sasa shemeji yangu Moraa, dada ya mke wangu, ni nesi Marekani. Yeye ndiye aliyewanunulia wazazi desktop moja ya mtumba, na TV ya inchi thelathini na mbili iwe ndiyo skrini. Simu ilikuwa imeshindikana. Kwenye simu Mama anaona ukungu. Kwenye TV, akisogeza kiti karibu kabisa, anaona uso wa mtu.

Kila Jumamosi jioni Moraa anapiga video call, na hiyo ndiyo sikukuu ya Mama ya kila wiki.

Hapa ndipo lazima niwaeleze kuhusu kizimba.

Wezi waliwahi kuingia sebuleni kwa Mwalimu wakaondoka na TV ya zamani, redio, na sufuria ya maharagwe ikiwa na maharagwe. Mwalimu akaapa haitarudiwa. Kompyuta ilipofika akamwita fundi wa kuchomelea kutoka Birongo, akaijengea CPU kizimba cha vyuma, kikafungwa kwa bolti kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala. TV ikafungwa juu yake kwa vyuma hivyo hivyo.

Fundi akauliza mlango wa kizimba uwekwe kufuli gani. Mwalimu akafikiri, akasema kufuli ina ufunguo, na ufunguo unaibwa. Choma.

Fundi akachoma. Hakuna mlango, wakuu. Kuna tundu la kupitisha kidole cha kuwashia, na mwanya wa kupitisha waya na flash disk ukikunja mkono vizuri. Ile CPU itatoka siku nyumba itakapobomolewa.

Na sasa la pili, ambalo wenzetu wa Kisii wanalijua vizuri.

Kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni heshima na aibu kwa pamoja, kati ya rika la wazazi na rika la watoto. Mkwe haingii chumba cha kulala cha wakwe zake. Haingii akiitwa, haingii akitumwa, na pazia likipeperushwa na upepo anatazama upande mwingine. Sisi wa ziwani tunazo zetu zinazofanana, kwa hivyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa ufupi, mimi ndiye engineer wa hiyo kompyuta na sijawahi kuiona kwa macho. Naijua kwa masimulizi. Hata kuitumia, Mwalimu nilimfundisha kwa simu, dakika ishirini, nikiwa na haraka zangu za kijinga. Yeye akaandika kwenye daftari.

Basi Ijumaa moja asubuhi Mwalimu akanipigia, sauti imejaa fahari. "Engineer, mashine imehitimu. Imesema sasa ni mpya."

Nikajua mambo yameharibika.

Mnaijua ile upgrade. Kampuni yenyewe sitaitaja, mawakili wao wanashiba kuliko mimi. Inakuja bila kuitwa, inakuandikia "Hi", inakuambia inakuandalia mambo mazuri, kisha inakupangia upya nyumba yako na kutupa vitu ulivyokuwa unavipenda. Mwalimu alipoona "Hi" aliijibu. Ameniambia mwenyewe, "Nikaiamkia, nikangoja."

Ilipomaliza, herufi zilikuwa kubwa kama za ubaoni. Hilo halikumsumbua, tena alilisifu. Tatizo lilikuja kesho yake Jumamosi, Moraa alipopiga. Sauti ilikuja safi. Picha ikakatika vipande vipande kisha TV ikawa nyeusi tii.

Na siku hiyo ndiyo Moraa alikuwa anawaonyesha mtoto vizuri kwa mara ya kwanza. Mtoto wa miezi mitano, anaitwa Bosibori, jina la marehemu mama yake Mama. Awali alikuwa anaonyeshwa akiwa amelala, kitambaa hadi puani. Sasa alikuwa macho, ameketishwa, na anacheka. Mama alikuwa amesogeza kiti hadi magoti yanagusa ukuta.

Mwalimu ananisimulia kwamba Mama alisikiliza kile kicheko kwenye giza, kisha akauliza, "Anacheka. Anacheka nini?"

Mwalimu naye alikuwa anatazama weusi ule ule.

Jumamosi iliyofuata mtoto alikuwa anawekwa wakfu kanisani huko Marekani. Asubuhi kwao, jioni kwetu. Mama alimwambia Mwalimu, Mwalimu akanipigia mimi, Baba Akinyi, kunifikishia neno kwa neno, "Mwambie Baba Akinyi nataka nione kama huyo mtoto ana masikio ya mama yangu. Macho yakiisha kabisa kabla ya hiyo upasuaji, nitakuwa sijaona."

Nilikata simu nikaanza kutafuta dawa.

Ugonjwa wenyewe nilishaufahamu. Graphics card ya hiyo mashine, kile kifaa cha kuchora picha, ni mzee mstaafu. OS mpya ilipoingia iliitoa driver yake ya zamani, ile programu inayokiendesha hicho kifaa, ikaweka driver ya jumla inayodhaniwa kufaa kila mtu. Ukifungua maandishi inaenda. Ukifungua video inazimia. Dawa yake ni kutoa hiyo driver, kuweka ile ya zamani ya waliotengeneza card, na kuwasha upya. Nusu saa, kwa mtu anayeiona skrini.

Najua maswali yenu, ngoja niyajibu kabla hamjajaa huko chini.

Kwa nini si remote? Nilijaribu nikiwa Nyanchwa. Nikaona mstatili mweusi na mshale mmoja umesimama katikati.

Kwa nini Mwalimu asipige picha ya skrini anitumie WhatsApp? Mke wangu Kerubo nilipompa wazo hilo aliweka kisu chini. Chumba kile ni kidogo, kitanda kiko pale pale. "Yaani kitanda cha mama yangu kiwe kwenye simu yako," akasema. "Jaribu." Sikujaribu.

Kwa nini asiitwe fundi mwingine asiye mkwe? Mwalimu alisema hawezi kumwingiza mtu baki chumbani kwake ilhali ana mkwe engineer. Hilo jina, wakuu, lilikuwa limeanza kunidai kuku wote.

Nikaomba ruhusa kazini. Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa Kebirigo na flash disk mbili, moja ya akiba. Muda wangu ulikuwa hadi jua kuzama. Mwalimu alinisalimia, tukaulizana za nyumbani, kisha akaniwekea sheria: "Sabato ikiingia, mikono yangu inatoka kwenye hiyo mashine. Kesho jioni nitaiwasha kwa ajili ya ibada, maana ibada ni ibada hata ikipita kwenye waya. Lakini kutengeneza, hapana."

Mama alikuwa ameshaandaa ofisi yangu. Kiti kimoja sebuleni, mita moja na nusu kutoka kwenye pazia la chumbani, kimegeuzwa kinatazama ukuta wa upande wa pili. Ukutani kuna kalenda ya kanisa yenye picha ya ziwa na milima ambayo haiko Afrika. Mwalimu aliingia ndani, pazia likashuka, na kazi ikaanza. Mimi natazama kalenda, yeye anatazama skrini, tunaongea kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

"Mwalimu, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi pale pembeni chini kushoto. Unaona nini?"

"Naona maandishi."

"Yanasemaje?"

Wakuu, msimfanye hedimasta mstaafu awasomee menu. Alisoma yote. Alisoma kwa Kiingereza cha gwaride, akipumua kwenye kila nukta, na penye kosa la uandishi alisimama akalisahihisha. Tulipofika kwenye Device Manager alitaka kujua manager huyo yuko chini ya nani.

Lakini lazima nimpe haki yake. Mkono wake haukuteleza hata mara moja. Nilisema toa driver, akatoa. Nilisema weka alama kwenye kile kisanduku cha kufuta na mafaili yake, akaweka. Flash disk ilipita kando ya pazia, nikinyoosha mkono bila kugeuka, kama watu wanaofanya biashara ya magendo. Akaipenyeza kwenye mwanya wa kizimba. Driver ya zamani ikaingia.

Saa tano na nusu mashine ikawaka upya. "Herufi zimekuwa ndogo," Mwalimu akasema kwa masikitiko. Mimi nikaruka kwenye kiti. Herufi ndogo maana yake driver imekubali.

Nikatoka barazani kumpigia Kerubo nimwambie ajiandae kutupigia video ya majaribio. Yuko kazini, akaniambia ningoje robo saa. Nikangoja huko huko nje nikijisifu kimoyomoyo. Nikaanza hata kupanga nitakavyowasimulia ofisini.

Nikarudi kwenye kiti, Kerubo akapiga. TV nyeusi.

"Na herufi?" nikauliza.

"Zimerudi kuwa nzuri," Mwalimu akasema.

Tukarudia yote. Safari hii tulipitia safe mode, ile hali ya dharura ya mashine, na niliwaza labda nilikosea toleo, nikatumia driver ya flash ya pili. Herufi zikawa ndogo. Nikatoka tena barazani kushukuru, na kabla hata sijarudi kwenye kiti Mwalimu akatangaza kutoka ndani kwamba zimerudi kubwa.

Hapa nitakiri hasira zangu. Niliilaani ile card. Niliilaani kampuni. Nikahamia kwa watumiaji wote wa kompyuta duniani, hawa watu ambao ukigeuka tu wamegusa kitu, halafu ukiwauliza wanasema hawajagusa. Niliyasema kwa Kijaluo, chini chini, nikitazama ile milima ya kwenye kalenda. Na nilimuuliza Mwalimu kwa heshima zote, "Mwalimu, kuna kitu umegusa?"

"Sijagusa kitu ambacho hukuniambia," akajibu. Kaeni na hilo jibu, tutalirudia.

Saa tisa ikaja mvua. Mtu wa Kisii na Nyamira haulizi kama mvua itanyesha mchana, anauliza kama ameanua nguo. Ilipogonga mabati sikuweza kusikia hata mawazo yangu. Nilipaza sauti, Mwalimu akapaza sauti, mbuzi wa jirani naye akapaza. Tukaacha. Mwalimu akatoka chumbani akakaa kwenye kochi na daftari lake, akaandika saa ya mvua.

Mama akaleta chai na ndizi za kuchemsha. Aliweka meza ndogo mbali kidogo na mimi, akarudi kukaa karibu na mlango wa jikoni, uso umeelekea nje, kama desturi ilivyo. Mvua ikapungua kidogo kidogo. Mimi niko pale nahesabu saa. Kumi. Kumi na nusu. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na mimi sijui hata natibu ugonjwa gani.

Nikamwambia Mwalimu ukweli. Nikasema, "Mwalimu, naona huenda hii imenishinda. Driver inaingia, halafu inajitoa yenyewe, na sijui kwa nini."

Aliyejibu ni Mama, akiwa bado ametazama nje.

"Haijitoi yenyewe," akasema. "Kwanza inalia."

"Inalia vipi, Mama?"

"Inalia ting. Kidogo tu. Halafu Mwalimu anasema 'Yes, please'. Halafu inanyamaza, inazima, inawaka. Ikiwaka sasa ndio imeharibika. Asubuhi imefanya hivyo, na ile ya saa saba pia imefanya hivyo. Mimi nilikuwa huku napika, nasikia yote."

Nilimgeukia Mwalimu, adabu ikinishikilia kwenye kiti. "Mwalimu, ni kweli inalia?"

"Inalia."

"Na unabonyeza nini?"

"Yes."

"Inakuwa imeandika nini?"

"Imeandika kuna update inapendekezwa, iko tayari, iwashe upya sasa? Inauliza vizuri sana, kwa adabu."

"Na wewe unakubali."

"Nakubali."

"Lakini Mwalimu, nani alikuambia uikubalie?"

Mwalimu alivaa miwani. Akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi, akapata alichokuwa anatafuta, akanyoosha kidole kwenye mstari na kusoma kwa sauti ile ile ya gwaride:

"Mafunzo ya kompyuta, kwa njia ya simu. Mkufunzi, Engineer. Kanuni ya kwanza. Mashine ikikuuliza jambo lolote, usiogope, bonyeza Yes."

Akafunga daftari.

Wakuu, ni mimi. Niliyasema hayo maneno nikiwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Yule mzee aliyapokea kama amri za mlimani, akayashika bila kukosea hata siku moja, na hata ile upgrade yenyewe iliingia kwa ruhusa yangu. Mashine iliuliza, mwanafunzi akatii. Kutwa nzima nilikuwa nalaani watumiaji wa kompyuta duniani, kumbe mharibifu yuko sebuleni anakunywa chai.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Mwanafunzi akifeli, kwanza huangaliwa mwalimu." Sijui kama alikuwa ananisamehe au ananimaliza. Mama alicheka huko mlangoni, akajifanya anakohoa.

Mvua ikakatika saa kumi na moja na ushei. Tulikuwa na saa moja na dakika chache.

Mwalimu akaingia ndani, mimi nikarudi kwenye kalenda yangu, na safari hii Mama akavuta kigoda akakaa pale karibu na mlango, kazi yake kusikiliza. Driver ikatolewa, driver ikawekwa. Herufi zikawa ndogo. Nikamwelekeza Mwalimu kwenye settings, asimamishe updates, kisha aende pale ambapo OS inauliza kama ijichukulie driver yenyewe kutoka mtandaoni.

"Inatoa Yes na No," akasema.

"Bonyeza No, Mwalimu."

Sikusikia mausi ikibonyezwa.

"Mwalimu?"

"Imependekeza Yes. Imeandika kabisa, recommended."

"Ndiyo, lakini sisi tunataka No."

"Na kanuni?"

Huyu mtu aliwanyima ruhusa watoto wa watu miaka yote ya kazi yake. Aliwanyima walioumwa tumbo na waliofiwa na babu yule yule mara tatu. Lakini kuinyima mashine, tena kinyume cha daftari, kulimshinda. Ilibidi nitangue kanuni yangu rasmi. Nikasema kwa sauti, "Mimi mkufunzi nafuta kanuni ya kwanza." Nikamsikia anafungua daftari. Akaikata kwa mstari mmoja, maana niliisikia rula. Ndipo akabonyeza No.

Tukatega masikio wote watatu.

Ting.

"Mwalimu," Mama akasema, "usiguse."

"Sijagusa."

"Inataka nini?"

Akasoma. Ilikuwa ni flash disk, inaarifu tu kwamba inaweza kutolewa.

Kerubo akapiga video kutoka Nyanchwa. Nilisikia mlio, nikasikia Mwalimu anapokea, kisha akaanza kutoa ripoti. "Namwona Kerubo. Amevaa leso ya kijani. Nyuma yake kuna sufuria ya maziwa na inafurika." Tukasikia Kerubo anapiga yowe na kukimbia. Sijawahi kufurahia maziwa kumwagika kama siku hiyo.

Mwalimu akatoka, akasimama barazani kutazama jua juu ya mashamba ya chai. "Limebaki kidogo," akasema, akanawa mikono. Nikaondoka kurudi Kisii kabla giza halijaingia.

Jumamosi jioni nilirudi peke yangu. Kerubo alibaki kwa sababu kwaya yake ilikuwa na zamu, angetazama kwa simu yake. Mimi niliitwa kwa ajili ya "usalama wa mitambo". Na kweli kulikuwa na kazi moja. Bundle za Mwalimu zilikuwa zimeisha kwa majaribio yetu, kwa hivyo simu yangu ndiyo iliyoingizwa chumbani kuwa hotspot. Ikapita kando ya pazia, nikakaa kwenye kiti changu bila kifaa chochote, natazama ile kalenda. Ninaweza kuwachorea.

Moraa akapiga. Nikasikia kinanda cha kanisa, watu wa huko wanaimba. Nikasikia viti vinaburutwa karibu na ukuta. Nikasikia Mwalimu anasema, "Ile pale." Kisha hakuna aliyesema kitu muda mrefu, nikajua picha imekuja, maana weusi wasingeutazama kwa ukimya wa namna ile.

Sikuwa naona chochote, na nilikuwa na furaha ambayo sijui nilipie wapi.

Ndipo Mama akaita kutoka ndani.

"Baba Akinyi."

"Naam, Mama."

"Uko hapo?"

"Niko."

"Wewe huoni."

"Sioni, Mama."

"Basi wacha nikuambie." Akavuta pumzi. "Amevaa nguo nyeupe. Amebebwa na baba yake. Nywele bado kidogo tu. Ile masikio, hii masikio ni ya mama yangu, zote mbili, hata ile ya kushoto imekunjika hapa juu. Sasa pasta amemchukua. Anaomba. Mtoto hafungi macho. Anatazama huyu pasta. Sasa ameshika tai yake. Anaivuta. Pasta anaomba na yeye anavuta tai."

Na kwenye spika nikakisikia kile kicheko.

"Sasa nimejua," Mama akasema. "Anacheka tai."

Mwalimu akauliza kama aandike. Akaambiwa aandike.

Wakuu, mafunzo niliyoyapata ni machache. Ukibadilisha OS kwenye mashine yenye card ya zamani, weka driver yake pembeni kabla hujaanza, na uzime ule mtindo wa OS kujichagulia driver. Na kabla hujamtukana mtumiaji, uliza kwanza nani alimfundisha.

Daftari la Mwalimu sasa lina kanuni mpya ya kwanza, ameitunga mwenyewe: mashine ikilia, aulizwe Mama.

Nawasikiliza. Aliyewahi kutengeneza kitu ambacho haruhusiwi kukiona aje tulie pamoja. Na wewe wa "format tu", karibu sana, ila njoo na grinder ya kukatia chuma, halafu ukamwombe Mwalimu ruhusa ya kuingia chumbani kwake. Usitegemee akujibu Yes. Hiyo tulishaifuta.